Maji ya Zombe kwenye Mizani

Mizani ya mfanyabiashara wa nafaka pale Sultan Hamud ilionyesha tani tatu na kilo mia saba. Kitabu cha gari letu kiliruhusu tatu na nusu.

Nilikuwa nimesimama kwa sababu magurudumu ya nyuma yalionekana yamebonyea. Gari lenyewe ni basi dogo kuukuu nililoligeuza nyumba: kitanda, jiko, tangi la maji. Kila ubao niliupima kabla ya kuupigilia. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi, kumpeleka mama yangu Moshi. Dada yake, aliyeolewa huko, angefanyiwa upasuaji wa moyo kesho yake asubuhi, na mama alitaka kumwona kabla hajaingizwa. Mpaka wa Loitokitok hufungwa jioni.

Mwenye mizani alilizunguka gari mara moja. "Mzee, hii ni nyumba kweli," akasema. "Si ungebeba na kisima?"

Nikafungua kifuniko cha tangi. Maji yalikuwa yamefika shingoni. Nilikuwa nimepanga tuondoke na tangi tupu, lakini asubuhi hiyo bomba lilitoa maji kule Zombe baada ya ukame wa siku nyingi. Nikiwa nakagua kadi ya njano, ile bima ya kuvukia mpaka, mama alivuta mpira akalijaza. Kwetu hakuna anayeacha chombo kitupu wakati bomba linatoka.

Nilimweleza mama kwamba gari likizidi uzito na tupate ajali ng'ambo, bima haitalipa. Tukipimwa huko, gari litazuiwa. Nikamwambia achague: tushushe gunia la pojo alilombebea dada yake, au nifungue tangi maji yaende mtaroni.

"Kwa mgonjwa siendi mikono mitupu," akasema. "Na maji simwagi, watu wa hapa wakiniangalia."

"Mama, mpaka unafungwa."

"Najua. Ita watu."

Mwanamke wa kibanda cha chai alifika kwanza na mitungi miwili, kisha majirani zake. Maji yalitoka membamba, nami nikawa natazama jua, kisha mtungi, kisha jua.

"Susu, mnauza bei gani?" mmoja akamuuliza mama, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Nagawa. Sukuma mtungi, wacha maneno," mama akamjibu.

Tulipopima tena, gari lilikuwa chini ya kikomo kwa kilo chache tu. Tukakata kona Emali kuelekea Loitokitok. Barabara ilikuwa tupu, na mguu wangu ulitaka kukanyaga. Sikuuruhusu. Tulipofika mpakani, askari alikuwa ameshaushika mkono wa kizuizi. Alisoma kadi ya bima, akaigeuza, akaisoma upya, akauliza pembetatu za dharura na kizima moto. Nikavionyesha. Mama aliukumbatia mkoba wake hadi kizuizi kilipoinuliwa.

Upande wa pili, kila tulipoingia kijijini nilishuka hadi hamsini.

"Kanyaga," mama akasema.

"Hapa sheria ni hamsini."

Akageuzia uso dirishani hadi Moshi.

Hospitalini muuguzi alisema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mama akamweleza kwamba ametoka Kitui leo hii, na kwamba akingoja kesho huenda akawa amechelewa. Muuguzi alimtazama, kisha akamfungulia yeye peke yake. Nilibaki kwenye korido. Kwanza nilisikia sauti ya mama tu, ikiita polepole kwa Kikamba. Kisha ya pili ikaitika.