Mitungi Minne ya Bi Masouda

Ukuta wetu na wa Bi Masouda ulikuwa mmoja. Sisi tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, tukahangaika kwa jamaa huku na kule, na tulipofika Darsait, pwani ya Waarabu, mwaka wa pili yake hatukuwa na kitu ila vyombo vya jikoni na nguo za kubadili. Yeye ametokea Jebeli, juu kabisa, kule Jabali Akhdhar. Aliolewa huku chini, mume akafariki, akabaki na chumba kimoja na ukumbi mrefu wenye kivuli. Mchana wa joto, pale ukumbini pake palikuwa na ubaridi kama wa msikitini.

Kiarabu changu mimi kilikuwa cha msahafu na sala, na chake kilikuwa cha mlimani, basi mwanzo tulizungumza kwa vyakula. Nikimpelekea sahani ya wali wa nazi, sahani hairudi tupu. Mara jozi za kupasua ganda, mara zabibu nyeusi, mara vitunguu thomu vidogo vyenye ukali wa kutoa machozi. Mwisho wa kiangazi huja makomamanga. Hayo ya kwao, Mungu akuonjeshe, ukilipasua moja punje zake laini hata mbegu huzisikii, na utamu wake hauchoshi. Maganda hakutupa. Aliyakausha darini akayaweka kwa ajili ya tumbo la kuendesha na kwa kutia rangi ngozi.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa marashi ya mawaridi, yale ya kutia katika haluwa na kahawa. Ndugu yake, Marhoon, alikuwa na matuta sita ya mawaridi huko juu, yamejengwa kwa mawe kama ngazi, maji yanashuka kwa mfereji kutoka tuta hadi tuta. Mawaridi huchumwa alfajiri, jua halijayagusa, na siku ile ile hutiwa katika vyungu na kupikwa juu ya tanuri la udongo. Mvuke ndio unaogeuka marashi. Marhoon huyateremsha kwa punda mpaka chini ya mlima, halafu kwa gari la mizigo mpaka bandari ya Matrah, na dada yake huyapokea. Kupokea ndiko kwenyewe. Ukimwona Bi Masouda anapokea mtungi ungedhani amepewa mtoto mchanga. Aliuweka ukumbini juu ya mchanga, akaufunga mdomo kwa kitambaa, akasoma Fatiha, na tangu hapo hapana anayeusogelea.

Mwaka wa sitini na nane, siku za mwisho za Mfungo Nne, mwezi na siku kidogo kabla ya Maulidi, Marhoon alileta mitungi minne, na uso wake haukuwa wa kawaida. Alikunywa kahawa amesimama.

"Dada, huu mwaka wa mwisho," alisema. "Vijana wote wa kwetu wamekwenda Kuweti. Wanabeba saruji, lakini wanakula. Mimi nabeba maua."

"Na matuta?"

"Matuta hayanilishi. Haluwa ya Matrah yote inapikwa kwa marashi ya Ajemi."

Bi Masouda akamwambia amekwisha sema na Bakhit. Bakhit huyo alikuwa mpishi wa haluwa pale Matrah, mtu mzito wa maneno, na haluwa yake ndiyo iliyoliwa katika Maulidi za watu wetu. Amekubali kujaribu marashi ya Jebeli kwa Maulidi ya mwaka huu. Akiyapenda, atayachukua kila mwaka. Anataka mitungi minne, si pungufu.

Marhoon akacheka bila furaha. "Haya. Nitarudi mitungi ikiwa tayari. Bakhit akikataa, kutoka hapa naenda bandarini, sipandi tena."

Siku ya ishirini na tano tangu mitungi ifike Bi Masouda akaitwa aende kijiji cha Bustan, mtoto wa dada yake anaumwa. Akaniambia, "Umm Aliya, niangalizie mitungi yangu." Nikamwambia nenda kwa amani.

Basi niliangalia. Na mwenzangu wa kuangalia alikuwa wifi yangu Mahbuba, ambaye pua yake haikosi jambo.

"Wifi, husikii harufu?" akasema. "Haya yameungua. Yananuka moshi kama wali wa harusi ulioshika chini."

"Acha, Mahbuba."

"Ati acha! Njoo unuse mwenyewe."

Nikaenda kunusa. Kweli yakinuka moshi. Tukafungua kitambaa cha mtungi wa kwanza, tukaona maji ya rangi ya chai, na majivu membamba yamekaa kando kando. Moyo ukaniuma. Nikasema, maskini Bi Masouda, ndugu yake ameyaunguza kwa haraka ya safari, na yeye hajui, na Bakhit atamwaibisha mbele ya watu. Marashi tuliyoyazoea sisi ni ya chupa, meupe kama machozi. Tukaona hapa pana thawabu.

Nikaleta kifumbu changu cha kuchujia tui, nilichotoka nacho Unguja. Mahbuba akauinamisha mtungi, mimi nikachuja. Ya kwanza yalikuja safi kidogo. Kisha yakaja meusi. Tukayarudisha, tukachuja tena, yakazidi. Tulipokuwa tunaushika mtungi wa pili ikaadhiniwa alasiri. Nikasema tusali kwanza. Nilipomaliza kusali sikuwa na hamu tena. Kitu kiliniambia niache. Sala ile ndiyo iliyoiokoa mitatu.

Bi Masouda aliporudi nilimweleza pale pale mlangoni, hata shela hajavua. Hakupiga kelele. Akakaa chini.

"Mingapi?"

"Mmoja."

"Alhamdulillahi." Kisha akanieleza kama anamweleza mwanafunzi. Marashi ya kwao hutoka tanurini na moshi wake na majivu yake. Kwa hiyo hulazwa siku arobaini. Moshi unatua chini, harufu ya waridi inabaki juu, halafu huchotwa kwa kikombe taratibu, mtungi haujatikiswa. "Mmekiamsha kilicholala," akasema. "Sasa lazima kilale upya."

Nikahesabu. Arobaini nyingine zinatupeleka mbali na Maulidi. Nililia, nikamwomba radhi. Akanifuta machozi kwa ncha ya shela yake. Mwenye hasara ni yeye, na anayebembelezwa ni mimi.

Mahbuba akatoa shauri. "Bi Masouda, ule mtungi mbovu tuugawe kidogo kidogo katika ile mitatu na maji kidogo. Inakuwa minne. Bakhit hatojua."

"Bakhit hatojua, kweli," akasema. "Mimi nitajua. Na akipika haluwa ya Mtume, watu wataila kwa salawati. Hapana, mwanangu."

Siku ya arobaini Marhoon akafika. Dada yake alichota mitungi mitatu, akihamishia katika mingine safi, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, kikombe baada ya kikombe, mkono hautetemeki. Yalitoka ya rangi ya asali nyepesi. Marhoon akautazama ule wa nne.

"Nani kaugusa huu?"

"Umo nyumbani mwangu," akasema dadake. "Niulize mimi."

Sikuweza kunyamaza. "Ni mimi, mwanangu. Niliuchuja."

Akanitazama, akatazama kifumbu changu kilichobaki ukutani pale, akaelewa. "Wallahi watu wa Zinjibari! Mnaliona waridi mnadhani nazi!" Mahbuba akaangua kicheko, na mimi, kwa aibu yote ile, nikacheka. Lakini Marhoon macho yake hayakucheka. Alikwenda kufunga nguo zake.

Tukaenda kwa Bakhit sote watatu, Bi Masouda na nduguye, na mimi kama shahidi. Sufuria zake za shaba zilikuwa motoni, wanaume wawili wanakoroga kwa miko mirefu. Bakhit akahesabu.

"Nilisema minne."

"Wa nne umetikiswa," akasema Bi Masouda. "Haufai."

"Nipe hivyo hivyo, mimi nitaupika. Moto wangu una moshi pia."

"Ukiupika leo, watu watasema haya ndiyo marashi ya Jebeli. Sikupi."

Bakhit akaweka mwiko chini. Akafungua mtungi wa kwanza, akatia tone katika kiganja, akanusa, akanusa tena. Akamimina katika sufuria tatu, na ya nne akaitia marashi ya Ajemi.

Maulidi ilisomwa, haluwa ikaliwa. Kesho yake, tumekaa ukumbini, Marhoon ameshafunga bunda lake la safari ya bandarini, Bakhit akaja mwenyewe kwa miguu, jasho linamtoka.

"Watu wanarudi na sahani tupu," akasema. "Hawataki ile ya sufuria ya nne. Bi Masouda, ule mtungi umetulia?"

"Bado siku ishirini na tano."

"Naununua kama ulivyo!"

"Bado, Bakhit."

Akamgeukia Marhoon. "Mwanamke huyu ananinyima kitu nilichokwisha kukikubali. Mwakani nataka minane. Kila mwaka minane. Una matuta ya kutosha?"

Marhoon alishusha bunda begani.

"Nnayo sita. Kuna mawili ya babu yamebomoka mawe. Nitayajenga."

Ule mtungi, nisifiche, ulitulia lakini harufu yake ilikuwa imepungua, na Bi Masouda hakumuuzia Bakhit. Marashi yake tuliyatia katika kahawa yetu mwaka mzima, na kila nikinywa nilimwombea Bi Masouda.

Siku ile aliyokuja Bakhit tulimshika Marhoon akae ale chakula cha mchana, samaki ameshakaangwa. Alikataa kukaa. Alikula matonge mawili amesimama, akajipangusa mikono.

"Mama, nisamehe. Zamu yangu ya maji ya mfereji ni Jumatano alfajiri," akaniambia, na akatoka mbio kutafuta gari la kwenda juu.