Nilitumwa kuihukumu nyumba ya mawe nje ya Johannesburg, ikaniacha mdomo wazi

Wakuu, salamu kwenu, hata nyie mnaochungulia humu mkiwa kazini.

Hii siyo chai. Niliiona kwa macho yangu mwaka 2017, wakati wa ile baridi ya Joburg inayokata masikio. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Mimi ni Mtanzania, Mhaya wa Bukoba. Wakati huo nilikuwa draftsman kwenye ofisi moja ndogo Braamfontein. Kazi yetu ilikuwa kupima majengo ya zamani na kuyachora.

Siku hiyo bosi akanituma nje ya mji, upande wa Muldersdrift, pamoja na Dede, Mkongo wa Lubumbashi tuliyekuwa tunashika naye futi. Kuna mzee wa kizungu, kafiwa na mkewe, anaishi peke yake kwenye nyumba ya shamba aliyoijenga babu yake. Huyo babu alitoka Wales kuja kuchimba dhahabu. Dhahabu ikamkataa, akafuga ng'ombe, akajijengea nyumba kama za kwao.

Binti wa mzee, mtu wa benki kule Sandton, alitaka ivunjwe. Alisema inazama. Ripoti yetu ikikubali, mzee anapelekwa nyumba ya wazee na tingatinga linaingia. Mzee naye kaapa kwamba wakimtoa pale ndiyo wamemzika.

Na ripoti naandika mimi. Nilikuwa na kiherehere cha kumaliza nirudi town kabla ya foleni.

Wakuu, tulipofika niliduwaa.

Ukuta mnene, ukiingiza mkono kwenye dirisha unazama mpaka begani. Mawe hayajachongwa, yamechaguliwa moja moja mpaka yakakaliana, katikati udongo na chokaa, cement hakuna. Nyumba ni ndefu na nyembamba, imelala kufuata mteremko wa kilima. Ndani kuna sehemu ya moto ambayo unaweza kuegesha Vitz, na juu yake boriti moja tu ya mti, nyeusi tii kwa moshi. Nje tulikuwa tunatetemeka, mle ndani nikavua koti.

Dede alivua kofia kama kaingia kanisani.

Shida ikaanza chumba cha mwisho, upande wa chini. Sakafu imeinama kabisa, na ukuta wa mwisho umelowa, umeota ukungu. Eish. Nikasema basi, binti yuko sahihi. Roho iliniuma, nisiwafiche.

Kabla sijaandika nikaweka pima maji kwenye lenta, lile jiwe refu la juu ya dirisha. Sawasawa. Kwenye mistari ya mawe, sawasawa. Boriti za dari nazo zimetulia tuli.

Kwa wasio wa fani: nyumba ikizama, inazama na kila kitu chake. Haiwezi kuzama sakafu peke yake. Maana yake ule mteremko ulijengwa makusudi!

Nikainama kuangalia ukuta. Usawa wa goti kuna pete za chuma zimeliwa na kutu, zimepangwa kwa mstari.

Hizo nilizijua, ni za kufungia ng'ombe. Bibi yangu alikuwa na msonge, ile nyumba ya duara ya nyasi, na ng'ombe walilala humo humo. Sisi upande wa juu, wao upande wa chini, sakafu yao imeinama ili mkojo utoke nje. Joto lao ndilo lililotulaza.

Nikamwambia Dede hiki chumba ni zizi. Akaangua kicheko. "Aba bazungu balikuwa banalala na ngombe? Bongo iyo!" Yaani uongo huo.

Mzee akaja kuona tunacheka nini. Nikamuuliza. Uso ukamwiva. Akasema ni kweli, lakini kwao halikusemwa mbele ya watu, walilionea aibu. Baba yake ndiye aliyeziba kwa cement tundu la chini ya ukuta la kutolea mkojo, akapaka plasta, akakiita chumba cha wageni.

"Mzee, hata kwetu tulilala nao," nikamwambia. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Tukamwaga ndoo ya maji. Yakateremka moja kwa moja hadi katikati ya ukuta wa mwisho, yakagota. Kumbe miaka yote maji yaliyoingia mle yalikuwa yanalala pale pale. Dede akagonga na tindo, cement ikaachia, maji yakatoka nje kwa kishindo.

Wakati huo huo binti, aliyekuja kusikia majibu yetu, ndiyo anashuka kwenye gari, anaona ukuta unatapika maji. Alipiga kelele! Baba yake akamwita ndani, akamweleza habari ya ng'ombe kwa mara ya kwanza.

Yule dada akaweka kiganja ukutani, akanigeukia. "Kwa hiyo haizami?"

"Haizami."

Akajifunika uso akalia. Akasema kila usiku alilala na simu mkononi, akisubiri kuambiwa imemwangukia baba. Mimi muda wote nilidhani anakitamani kiwanja tu.

Nikaandika: nyumba ni nzima, ibaki.

Nilichojifunza ni hiki, ile nyumba haikuwa na ugonjwa, ilizibwa kwa aibu. Na kwetu msonge wa bibi haupo tena, hakuna hata picha.

Haya, uwanja wenu. Kwenu ng'ombe walilala wapi? Semeni tu, humu hakuna wa kumcheka mwenzake.