Docteur wetu amekataa bio-chimie

Bantu bangu, munisaidie!

Leo asubui mi na mama tulipeleka mudogo yangu mwanamuke ku masomo kuchagua option, njia ya masomo yenye atafuata. Tangu iko mutoto, tunamuitaka Docteur. Mpaka kwa nkambo, bibi yetu, ku Kipushi, banamuitaka vile.

Préfet, mukubwa wa masomo: "Option gani?"

Mama, na furaha yote: "Bio-chimie! Huyu ataingia médecine."

Mudogo yangu: "Hapana. Math-physique."

Weee!

Mama: "Docteur, uko mugonjwa?"

"Mama, mi naogopaka damu. Niliwaambia mara mingi, mukacheka tu."

Ni kweli. Mi njo nilichekaka kupita bote.

Préfet akakamata karatasi: "Basi, jina yake nani?"

Mama akajibu mbio: "Docteur."

Mudogo yangu akaomba kalamu, akaandika mwenyewe: Béatrice.