Chumvi kwa Jani la Sale

Jumamosi jioni, huko Uru, mzee mmoja mjane aliyenitangulia kwenye foleni alimkuta binti wa dukani akifunga dirisha. Akainama, akamnyooshea jani la sale, ambalo kwetu Wachagga ni la kuombea msamaha.

"Ewe mlinzi wa lango, usiniache niangamie. Chumvi imeniishia."

"Shikamoo, babu. Si useme tu unataka chumvi?"

"Marahaba. Nikisema hivyo utanipa, niondoke. Nyumbani anayenisubiri ni ng'ombe, naye hajibu."

Binti akalipokea jani kwa mikono miwili. "Inuka, ee shujaa. Umesamehewa."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

Nami naishi peke yangu. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Sabuni." Nikapewa sabuni.