Matabisi ya Waya

Papa hakuwa kiziwi. Kwa maelezo yake, santuri zake za rumba ndizo zilizokwisha sauti, kama sabuni inavyokwisha povu, na waimbaji nao walikuwa wamechoka. Ndiyo maana akaamua kumpa mdogo wake, tonton wetu wa Yahuma, sanduku zima, aondoke nalo Jumamosi kwa baleinière, ile mashua kubwa ya injini. Tonton hakuwa na umeme wala mashine ya kupigia santuri. Hakukataa. Tonton hajawahi kukataa kitu.

Amplifaya yangu ya kwanza, niliyoiunga mwenyewe, ilitoa sauti kwa lampe moja: chupa ya kioo inayowaka nyekundu na kuimba kwa adabu mno. Nikaapa kujenga nyingine ya lampe mbili kubwa kabla ya Jumamosi, papa asikie, santuri zibaki. Lampe mbili hufanya kazi kama watu wawili kwenye msumeno mmoja: huyu anavuta, yule anavuta. Basi waya wa transfoma yao huzungushwa nusu mbili, na nusu hizo lazima ziwe sawa kabisa.

Mzungushaji wa waya alikaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Tulipatana bei mpaka tukachoka wote wawili. Kisha, kama mtu yeyote mwenye akili anunuapo hata nyanya, nikadai nyongeza.

"Na matabisi, mukubwa?"

"Usiogope, petit. Utaikuta ndani."

Wakati wa kuvuka kurudi, mwenye pirogi, ule mtumbwi wa kuvushia watu, akataka transfoma ilipe nauli.

"Hii iko na kilo kama mutu."

"Mutu gani hajasema neno tangu tutoke?"

"Bon, iko kama bibi yangu akikasirika. Lipa."

Nikalipa. Nusu.

Ijumaa nikaunga kila kitu, nikakagua viungo mara mbili, nikawasha. Mngurumo ukajaa nyumba, vikombe vikacheza kabatini. Muziki hakuna. Papa akainua kichwa.

"Tonton! Baleinière yako imefika!"

Tonton akakimbilia mizigo. Mimi sikujua nicheke au nilie: angalau mzee alikuwa amesikia kitu. Nikazima, nikapima transfoma. Nusu moja ilimzidi mwenzake. Nikampigia simu mzungushaji.

"Si uliomba matabisi? Nilikuwekea safu nzima, juu kabisa."

"Upande moja tu?"

"Ungetaka pande mbili, ungelipa mbili."

Nikatoa vyuma vya transfoma, nikafumua ile safu mzunguko kwa mzunguko, nikiulaani ulimi wangu.

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Nikachomoa santuri moja, nikawasha. Gitaa likaingia chumbani bila kubisha hodi. Kikombe cha papa cha chai kikasimama njiani kabla ya mdomo. Halafu mguu wake ukaanza kupiga chini.

"Huyu mwimbaji amepona," akasema. "Tonton, acha sanduku."

"Yaya, kitu nimepewa haiwezi kurudi!" tonton akamwambia kaka yake.

Nikaingia kati kabla undugu haujavunjika. Nikamwekea tonton mikononi amplifaya ya zamani. Akaipima, akalinyanyua sanduku, akaipima tena. Amplifaya ilikuwa nzito zaidi, kwa hiyo akaona ameshinda.

"Na matabisi?"

Papa akafungua kamba, akapekua sanduku taratibu, akatoa santuri moja, akaitazama huku na huku, akampa.

"Chukua hii. Huyu, alors, amechoka kweli."