Maksai wa Luhaga Wanasubiri Mluzi

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Sapiwi. Mvua ya jana imelainisha ardhi, plau imeshafungwa, na maksai wawili, Diwani na Mheshimiwa, wanacheua taratibu shambani. Luhaga analamba midomo, lakini mluzi haupigi. Anaogopa, wala hafichi.

"Jino hili nalo likicheza, basi tena," anasema.

Tangu ujana wake, Luhaga (52) analimia watu mashamba ya pamba kwa mluzi. Fimbo haijui. Mluzi mrefu, maksai wanakwenda; mfupi, wanageuka. Kisha ugonjwa wa fizi ukamtoa jino la mbele, mluzi ukawa upepo mtupu, na Diwani akagoma.

"Mume wangu akaanza kuwafokea maksai," anacheka mkewe, Nyanjige. "Majirani wakaja mbio, wakidhani tunapigana."

Luhaga akauza dume mmoja wa ng'ombe, akaenda kupandikiziwa jino. Alipoulizwa kama fizi zinatoka damu, aliona aibu, akajibu hapana. Na jino lilipokaa, akaleta maajabu yake: alikuwa anapiga mswaki meno yote, hilo analiruka.

"Mzizi wake ni chuma," anajitetea. "Nilijua chuma hakiozi."

Mwaka haukuisha, jino likaanza kucheza, likatoka. Iliuma kuliko kumpoteza yule dume.

Justina, daktari wa meno mjini Bariadi, hakumgombeza. "Baba, chuma hakikuoza," alimwambia. "Fizi ziliumwa, ugonjwa ukala mfupa unaokishika. Wewe nguzo ya zizi unaisimika kwenye tope?"

Safari hii daktari hakukubali kupandikiza haraka. Alimkwangua ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno, akatibu fizi, akamsubirisha miezi mpaka damu ikakata. Ndipo akaweka jino jingine, wakaliachia muda lishike. Nyumbani Luhaga hakuthubutu kulijaribu.

"Piga basi, baba Elia. Jua linapanda," anasema Nyanjige, amesimama kando ya plau.

Luhaga anavuta pumzi. Mluzi wa kwanza unatoka na mate. Diwani anasimamisha masikio. Wa pili unatoka mrefu, safi, na plau inaanza kupasua udongo. Luhaga anafuata nyuma huku machozi yakimlengalenga. Amefurahi kupita kiasi.

Wanapogeuka mwisho wa shamba, ameshaanza kupanga ya mbele. "Nina ndama wawili wanakua pale nyumbani. Nataka niwafundishe mluzi huuhuu."

"Utawafundisha," anajibu Nyanjige, akifungua pindo la kanga na kutoa mswaki. "Lakini uji umekunywa, na mswaki hujapiga."

Luhaga anaupokea. Maksai wanasubiri.