Hodi ya Mtetezi wa Programu Huria

Kabla hajagusa kompyuta yoyote, alikuwa akigonga mfuniko wake kwa kidole kilichopinda na kuuliza, "Hodi! Mwenye nyumba nani humu?" Hata siku nilipomhoji kwenye redio yetu ya mtandaoni, mtetezi huyu wa programu huria aliibishia hodi mashine yangu kwanza. Kisha akanguruma hewani kwamba ukitumia programu usiyoruhusiwa kuifungua uone inavyofanya kazi, wewe ni mpangaji tu, tena wa kufukuzwa wakati wowote. Alipocheka, chai ilitikisika kikombeni. Jirani yake aliyekuwa akitusikiliza akatuma ujumbe, nami nikausoma: "Mzee, unatupigia kelele sisi! Hicho kifaa cha kusikia ulichovaa, programu yake iko wazi?" Mkono wa mzee ulipanda sikioni taratibu, nikadhani atakivua palepale, mbele ya maikrofoni. "Imefungwa," akasema. "Umenikamata, jirani." Akamaliza kipindi kwa sauti ya chini. Nilipomsindikiza mlangoni, aligonga sikio lake kwa kidole kilekile. "Humu nimepanga, dada yangu. Mjukuu wangu ana sauti ndogo, bila kifaa hiki simsikii, na ndiyo kwanza anaanza kusema."